Kajiado Tunapima Mkono wa Mtoto, Kiuno cha Mzazi Tunamwachia Fundi

Akina mama wa Kajiado wanaujua vizuri utepe mmoja. Ni ule wa rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, ambao mhudumu wa afya huuzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2023 ulipokuwa ukimaliza mifugo kutoka Magadi hadi Mashuuru, utepe huo ulitembezwa boma kwa boma. Mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, mtoto ana utapiamlo mkali na anaanzishiwa matibabu. Hakuna anayengoja majibu ya maabara. Wala sijapata kusikia mtu akidai kwamba kipande cha plastiki cha shilingi chache hakiwezi kuwa kipimo cha kitabibu.

Sasa mwulize mama huyo huyo, au mumewe, ni lini mara ya mwisho mhudumu wa afya alimpima kiuno. Huenda akacheka. Kiuno hupimwa na fundi wa nguo.

Nadhani tumekosea hapo, na kosa hilo litatugharimu figo, macho na miguu ya watu wengi katika kaunti hii. Mzingo wa kiuno ndio kipimo rahisi kuliko vyote cha kugundua mapema kwamba mwili wa mtu umeanza kuikaidi insulini, miaka mingi kabla sukari haijapanda. Nchi kadhaa za Asia zimelitambua hilo na kulifanya jambo la kawaida. Sisi tumeacha habari hiyo ikae kwenye madaftari ya mafundi cherehani.

Madaftari hayo yapo, tena yanasomeka. Pale Noonkopir, katikati ya Kitengela, fundi aliyekaa mahali pamoja miaka mingi huwa na daftari la shule lenye jina la kila mteja na vipimo vyake kwa inchi: kifua, kiuno, nyonga. Mteja akirudi kushona kitenge cha harusi au cha ibada ya shukrani, fundi hufungua ukurasa ule ule, hupima upya, hukata namba ya zamani kwa kalamu na kuandika mpya juu yake. Nimeuona ukurasa mmoja ambapo kiuno kilikuwa 33, kikakatwa kikawa 35, kikakatwa tena kikawa 39.

"Umeongezeka kidogo, Mama Brian," fundi alisema, macho yake yakiwa kwenye daftari.

"Ni baraka, fundi. Niachie nafasi ya kupumua."

Akaacha nafasi ya kupumua. Ndiyo kazi yake, na adabu ya kazi yake. Lakini inchi 6 zilizoongezeka kiunoni mwa mwanamke ambaye kimo chake hakijabadilika ni taarifa ya kiafya nzito kuliko kilo zozote anazosoma kwenye mizani ya duka la dawa, na mtu pekee aliyeiandika ni fundi.

Wanaume ndio wanaojidanganya zaidi. Mwanamume wa Kitengela aliyefunga ndoa akivaa suruali namba 34 anaweza kuendelea kununua namba 34 hadi binti yake amalize shule ya upili. Kilichobadilika ni mahali mshipi unapokaa: umeteremka kidogo kidogo hadi chini ya kitambi, na kitambi sasa kimeuinamia. Mwulize kiuno chake atakujibu "34" kwa dhati kabisa, maana ndivyo suruali inavyosema. Zungusha futi pale panapostahili, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa amesimama na amekwisha kutoa pumzi bila kubana tumbo, nawe unaweza kukuta 40.

Kwa nini mahali hapo pana uzito hivyo? Mafuta ya mwilini hayako sawa. Yale yaliyo chini ya ngozi, mapajani, makalioni na mikononi, ni akiba, na kwa sehemu kubwa yanakaa kimya. Mafuta yanayojipanga ndani ya tumbo, yakizunguka utumbo na kujipenyeza hadi kwenye ini na kongosho, hayana utulivu huo. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa linaacha kuisikiliza insulini. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho ili chembe za mwili zifungue mlango na kupokea sukari. Ini na misuli vikiwa na mafuta, insulini inapiga hodi na haiitikiwi. Kongosho linadhani mgeni hajasikika, linatuma insulini nyingine, na nyingine tena. Kwa miaka mitano, kumi, wakati mwingine zaidi, mbinu hiyo inafanikiwa. Sukari kwenye damu inabaki ya kawaida kwa sababu kongosho linafanya kazi ya ziada usiku na mchana.

Ukifika kliniki katika kipindi hicho, ukatobolewa kidole, utaambiwa sukari yako iko sawa. Utatoka umefurahi, upitie nyama choma ukajipongeze. Kumbe sukari ndiyo kiashiria cha mwisho kuchafuka. Inapanda pale kongosho linapochoka. Kupima ukaidi wenyewe wa insulini si jambo la zahanati: inabidi mtu afunge kula, apimwe insulini na sukari kwa pamoja, kisha namba hizo zipitishwe kwenye kanuni iliyobuniwa Oxford mwaka 1985. Hakuna anayetarajia zahanati ya Mile 46 ifanye hivyo kwa kila mtu anayeingia mlangoni. Kiuno kinajibu swali hilo hilo kwa ukaribu wa kutosha, kwa futi ya fundi.

Wala si ugunduzi wa jana. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba unene wa tumboni ndio unaoandamana na kisukari na maradhi ya mishipa, tofauti na unene wa nyonga na mapaja. Hakusikilizwa sana. Gerald Reaven wa Marekani alipokuja mwaka 1988 kueleza jinsi ukaidi wa insulini unavyofunga pamoja presha, sukari na mafuta mabaya ya damu, ndipo madaktari walipoanza kurudi kwenye kiuno.

Wakorea waliuliza swali ambalo sisi bado hatujalipa uzito wake: kiuno cha nani? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa mwongozo wake mwaka 2005, liliweka mpaka wa sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake wenye asili ya Ulaya, kisha likaweka mipaka mingine kwa Waasia. Korea Kusini haikukubali kupimwa kwa miili ya majirani. Watafiti wake walichukua takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe wa nchi yao wenyewe, wakatafuta ni kiuno gani, katika mwili wa Mkorea, kinachoanza kuandamana na presha, sukari na mafuta mabaya. Wakapata sentimita 90 kwa mwanamume na 85 kwa mwanamke, na tangu 2007 hiyo ndiyo mipaka wanayoitumia. Angalia kwamba, ukilinganisha na namba za Ulaya, kwa wanaume waliteremsha na kwa wanawake wakapandisha. Mkorea mtu mzima anayekwenda kwenye uchunguzi wa kawaida wa bima ya taifa hupimwa kiuno kama anavyopimwa presha. Japani nayo ilianza mwaka 2008 kupima viuno vya watu wenye miaka 40 hadi 74, na mipaka yake ni 85 kwa wanaume na 90 kwa wanawake.

Mwafrika aliandikiwa nini mwaka 2005? Aliandikiwa kwamba atumie namba za Ulaya hadi takwimu zake zitakapopatikana. Miaka imepita, takwimu zikapatikana. Timu ya watafiti ilikusanya vipimo vya watu zaidi ya 24,000 kutoka tafiti 17 katika nchi 8 za Afrika kusini mwa Sahara, na matokeo yake yalionyesha mpaka wa sentimita 81.2 kwa wanaume na 81.0 kwa wanawake. Wanawake hawakusogea sana kutoka kwenye namba ya Ulaya. Wanaume waliteremka kwa karibu sentimita 13.

Tuyaweke kwa inchi za fundi. Namba ya Ulaya kwa mwanamume ni 37. Namba iliyotoka kwenye miili ya Waafrika ni 32. Katikati ya 32 na 37 wamo wanaume wengi wa Kitengela: dereva wa matatu, mwalimu, karani wa kaunti, kijana wa hadwea ambaye kitambi chake ndiyo kwanza kimeanza kuchungulia. Ukimpima kwa Ulaya yuko salama. Ukimpima kwa Afrika anatakiwa kuitwa pembeni. Nani mkweli?

Maoni yangu ni kwamba zote mbili ni maamuzi kabla hazijawa ukweli. Mpaka wa kiuno hauko mwilini. Unawekwa na watu wanaokubaliana ni makosa ya aina gani wataweza kuyavumilia. Ukiuteremsha hadi 32 utawakamata karibu wote walio hatarini, lakini utawaita kliniki wanaume wengi wazima wasio na lolote, na kliniki yenyewe labda imeishiwa vijiti vya kupimia sukari tangu wiki jana. Ukiuacha kwenye 37 foleni itakuwa fupi, na wengi utawaona tena siku wanapoletwa na kidonda cha mguu kisichopona. Kwa kaunti ambayo bado haina uwezo wa kumpima kila mtu sukari, mimi ningeanza na kipimo cha tatu ambacho hakijali bara: kiuno kisizidi nusu ya kimo. Uingereza ilikiingiza kwenye miongozo yake mwaka 2022, na kwa Kajiado kina faida ya pekee. Huku anaishi Mmaasai mwenye kimo cha sentimita 185 mlango kwa mlango na jirani wa sentimita 160. Kuwapa watu hao wawili namba moja ya kiuno ni kumwonea mmoja na kumbembeleza mwingine. Nusu ya kimo inampa wa kwanza 92.5 na wa pili 80.

Hili la Wamaasai lina historia ndefu, na sehemu yake imeandikwa na wageni waliokuja kutushangaa. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha ripoti yao iliyowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu, wakieleza jinsi wala maziwa, nyama na damu walivyokuwa warefu na wazito kuliko jirani zao wakulima. Mwaka 1964 George Mann, daktari kutoka Marekani, aliandika kuhusu wanaume 400 wa Kimaasai ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, ambao walikula mafuta ya wanyama kwa wingi na bado lehemu yao ilikuwa chini. Tangu hapo Mmaasai amekuwa hoja ya kila mtu anayetaka kutetea sahani yake ya nyama. Wanaomtaja huruka jambo moja: watu wale walitembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe.

Mambo yalibadilika kabla hatujayatazama. Katika miaka ya 1980 watafiti wa mifugo waliokaa kwenye ranchi za jamii za mashariki mwa Kajiado, Mbirikani na Merueshi miongoni mwazo, walikuta unga wa mahindi na sukari ya dukani vimekwisha kuwa sehemu ya chakula cha kila siku cha wafugaji. Mwishoni mwa miaka hiyo ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi. Ekari zikauzwa, zikakatwa vipande, hadi tukafika kwenye ploti za hamsini kwa mia zinazotangazwa leo kwenye kila nguzo ya barabara ya Namanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela. Ng'ombe waliondoka na mwendo ukaondoka nao. Chai ya maziwa ikabaki, ila sasa ina vijiko vinne vya sukari, na inanywewa mara nne kwa siku.

Kuna utafiti mmoja unaotuhusu moja kwa moja ambao ningependa usomwe na kila diwani wa Kajiado. Dirk Lund Christensen wa Denmark na wenzake, wakishirikiana na watafiti Wakenya, waliwapima Wajaluo, Wakamba na Wamaasai wa vijijini pamoja na wakazi wa mjini. Hawakuishia kwenye mizani. Walitumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile ya kuangalizia mimba, kupima mafuta ya ndani ya tumbo na yale ya chini ya ngozi. Matokeo ya 2008 yalionyesha kwamba karibu watu 40 kati ya 100 wa mjini walikuwa na uzito uliozidi, dhidi ya karibu 16 vijijini. Kilichounenepesha mwili ni mji. Kabila lina nafasi yake katika jinsi mafuta yanavyojipanga, lakini mji unampata kila mtu.

Na Kitengela ni mji wa kukaa. Anayefanya kazi Nairobi anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anakaa kwenye matatu, anakaa kwenye msongamano wa Mlolongo, anakaa ofisini, anakaa tena kwenye msongamano jioni. Anafika saa tatu usiku akiwa na njaa ya siku nzima, anakula ugali mkubwa, anaoga na kulala juu yake. Anayefanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya EPZ pale Athi River anainamia cherehani hadi jioni. Zamani mtu angemaliza safari kwa miguu kutoka kituo cha barabarani hadi nyumbani. Sasa bodaboda inamchukua kituoni na kumfikisha mlangoni. Njiani kuna smoki pasua, mayai, chipsi na soda, na kila kimoja ni rahisi kuliko tunda. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Mji ulijengwa bila njia ya miguu, na mwenye kuthubutu kutembea kando ya barabara ya Namanga usiku anatembea na roho mkononi.

Takwimu za nchi zinasema hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume wana uzito uliozidi au unene. Uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2022 ukakuta wanawake wa miaka 20 hadi 49 wamefika asilimia 45. Namba iliyonishtua zaidi katika ule wa 2015 ni nyingine: takriban watu 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Kati ya wale 88 wamo watu ambao futi peke yake ingetosha kuwaambia, nenda kapimwe.

Kuna watakaonipinga, na wengine wana hoja. Mganga makini ataniambia kwamba si kila mgonjwa wa kisukari ana kitambi, na ni kweli. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kisukari cha aina ya tano, kinachotokana na utapiamlo, ambacho huwapata watu wembamba. Katika kaunti iliyolea watoto wenye njaa, ukame baada ya ukame, aina hiyo haipaswi kushangaza mtu. Mwembamba mwenye kiu isiyoisha na mkojo wa mara kwa mara apimwe sukari bila kuulizwa kiuno. Futi inaongeza wanaogunduliwa. Haimwondoi yeyote kwenye foleni.

Wengine watasema tupime lehemu na mafuta ya damu kama wafanyavyo Ulaya. Hapo nina shaka zaidi. Anne Sumner, mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi hubaki ya kawaida hata mwili unapoikaidi insulini. Kipimo kinachomshtua daktari wa Ulaya kinamtuliza daktari wa Kitengela bila sababu. Ni sababu nyingine ya kuegemea kwenye kiuno, na ni sababu nyingine ya kutoazima kila kitu.

BMI je? Uzito ukilinganishwa na kimo unasaidia, lakini hauoni mafuta yamekaa wapi. Kijana wa bodaboda mwenye mikono na miguu myembamba na tumbo lililotangulia anaweza kupita kwenye BMI bila doa, na mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba akatishwa bure.

Halafu kuna haya. Hii siidharau. Kumwambia mwanamke mtu mzima, mbele ya jirani, ainue mikono apimwe tumbo ni jambo linaloweza kufunga mlango wa boma kwa mwaka mzima. Mwanamke apimwe na mwanamke, ndani, juu ya nguo nyepesi. "Yeyo, toa pumzi," basi, imekwisha. Mjamzito asipimwe kabisa. Kwa wanaume haya ni ya aina nyingine: kitambi kwao ni cheo. Katika harambee, mwenye kitambi ndiye anayetarajiwa kutoa zaidi, na akikonda watu wanaulizana kama biashara imeanguka au ameugua. Ndiyo maana sidhani mabango ya "punguza unene" yatafika mbali. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe, 96 mwaka huu na 99 mwaka ujao, ina ubishi mdogo.

Na namba hiyo inaweza kurudi nyuma, jambo linalofanya kazi yote iwe na maana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Mazoezi hayo yalikuwa hasa kutembea kwa kasi. Dakika 150 ni chini ya nusu saa kwa siku. Mafuta ya ndani ya tumbo, kwa bahati nzuri, ni miongoni mwa ya kwanza kuondoka mtu anapoanza kutembea na kupunguza sukari na wanga. Kiuno huweza kupungua hata mizani ikiwa haijasema lolote.

Vifaa havikosekani. Septemba 25, 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, mashine ya kupima sukari na mizani. Wahudumu hao ndio wanaozijua nyumba za Olturoto, za Isinya, za Bissil, majina na magonjwa. Futi ya kitambaa inayoongezwa kwenye mkoba ule haifiki shilingi 100. Ongezeni na mstari mmoja kwenye rekodi ya kila kaya: kiuno, kimo, tarehe. Serikali ya Kaunti ya Kajiado haihitaji kungoja Nairobi kwa hilo. Baada ya miaka miwili itakuwa na kitu ambacho Kenya haijawahi kuwa nacho, vipimo vya viuno vya wafugaji, wakulima na watu wa mjini wa kaunti moja, pamoja na sukari zao, na hapo watafiti wetu wataweza kutafuta mpaka wa Mkenya kwa njia ile ile Wakorea walivyotafuta wa kwao. Wizara ya Afya nayo ina wajibu wa kusema wazi ni namba ipi wahudumu waitumie wakati huu wa kungoja.

Hadi hapo, msomaji, huhitaji mhudumu. Chukua kamba, mtu akupime kuanzia kisigino hadi utosini, ikate hapo. Ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni juu ya kitovu, bila kubana tumbo. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako. Kesho usinywe chai. Nenda kituo cha afya kilicho karibu kabla hujatia kitu mdomoni, upimwe sukari na presha. Hata wakikuambia sukari iko sawa, anza kutembea, na upime tena kwa kamba hiyo hiyo baada ya miezi mitatu.